Malalamiko Dhidi ya Kicheko cha Daktari Melkiori

Mbuji, Mbinga.

Ndugu Mtayarishaji wa Tamthilia,

Pole na kazi. Mimi ni mkulima wa kahawa na mtazamaji wenu mwaminifu. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

1. Daktari Melkiori wa tamthilia yenu ametuharibu. Hacheki, hasalimii, na mwanamke akimlilia, yeye anatazama dirishani. Sisi wanawake tunaokusanyika kwa Mama Vitalia penye runinga tumekubaliana kwamba mwanamume ndiye yule. Akikunja uso, chai inatupoa mikononi.

2. Kwa sababu hiyo nilimwambia mchumba wangu Egidi, muuza samaki wa sokoni Mbinga, kwamba anaongea mno. Egidi akikuuzia mbasa mmoja, utajua alivuliwa wapi, na nani, na mvuvi huyo kagombania nini na shemeji yake. Nikamwomba awe mzito kidogo. Kwa kuwa ananipenda, akatii. Akaegemea nguzo, akakunja uso, akatazama milima. Mteja akiuliza bei, kimya. Watu wakadhani samaki wameoza, na kwa kuwa hawakununuliwa, wakaoza kweli. Mama yake alimpeleka zahanati kupimwa malaria. Alipoonekana mzima, akamwita katekista. Mimi, Ndugu Mtayarishaji, nilikuwa nikimtazama moyo unanienda mbio.

3. Ndipo mkamleta mwigizaji wa Melkiori, Bwana Praygod, kupiga picha ufukweni Mbamba Bay. Nikavaa kitenge kipya, tukateremka ziwani mimi na Egidi wangu aliyenuna. Bwana Praygod akashuka garini anacheka. Akawaamkia bibi zetu shikamoo mmoja mmoja, akasaidia kuvuta mtumbwi, akaanguka majini, akacheka tena, akala dagaa kwa mikono miwili. Nikamsogelea nikamuuliza, "Daktari, mbona unacheka?"

"Dada, kule nanuna kwa mshahara," akanijibu. "Nyumbani mke wangu ananiomba ninyamaze angalau wakati wa kusali."

Egidi akacheka. Kicheko alichokibana tangu masika kikatoka chote, na maneno nyuma yake. Wakakaa wote wawili juu ya mtumbwi wakisimuliana, hadi wapiga picha wakaweka kamera chini wasikilize. Kazi ikasimama. Nami, naona aibu kusema, nilicheka mpaka kitenge kikafunguka.

4. Hivyo naomba mkataba umkataze Bwana Praygod kucheka popote kusini mwa Songea. Gari lake likifika Kitai, awe ameshanuna. Mke wake naye aapishwe asitoe siri. Asiuziwe dagaa wetu, maana wanamchangamsha. Na kama hayo yote yamewashinda, basi mtuletee Melkiori mwenyewe, yule wa kweli. Tutampa chumba chenye dirisha.

Nisalimieni wapiga picha, dada wa poda, na yule mgonjwa aliyezimia tangu tamthilia ianze. Mwambieni kwamba huku Mbuji tunamwombea kila Jumapili.

Ni mimi mwenye uchungu na adabu,
Emerensiana Ndunguru

Tanbihi: Jumapili iliyopita tangazo la kwanza la ndoa yangu na Egidi lilisomwa kanisani, na Bwana Praygod amekubali kuwa mshereheshaji wetu. Tafadhali mpeni ruhusa, na asithubutu kuja amenuna. Egidi naye nimeshamwonya: akikunja uso mbele ya padri, nitajibu sitaki.