Liki za Chini ya Mji

Jumapili, 2 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nyama ya kuoka imekauka, lakini Keith amekula yote bila kunung'unika. Ndivyo nilivyomlea. Baada ya chai akatoa habari: kampuni ya mafuta huko Aberdeen inataka fundi umeme wa kukaa baharini kwenye mitambo. Wanangoja jibu mwisho wa Septemba. Nikamuuliza Aberdeen kuna nini ambacho Newcastle hakuna. Akasema, "Kazi, Mama."

Tangu karakana ya meli ifungwe, mwanangu hajashika bisibisi ya maana. Mikono kama ile! Meli alizozitia taa yeye bado zinaelea.

Ila iko njia moja ya kumbakiza. Manispaa wanalitafutia kazi mpya handaki la reli ya zamani, lile linalopita chini ya nyumba zetu hadi mtoni. Raia wametakiwa watoe mawazo. Keith amependekeza lilimwe uyoga: giza lipo, unyevu upo. Akili hiyo kaitoa kwangu. Bwana Stobbs wa nyumba ya pili naye kapendekeza litiwe taa, watu wapite wakitazama mambo ya kale. Si ajisimamishe yeye mlangoni, watu wakamtazame.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata wazo nikiwa namenya viazi. Onyesho la liki, vile vitunguu virefu vyenye shina jeupe, la klabu yetu ya mtaa ni tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Zawadi hutolewa na Diwani Liddle. Na handaki litaamuliwa na nani? Liddle huyohuyo. Basi liki iliyokuzwa handakini ikishinda mbele ya macho yake, nani atauliza tena kama uyoga utaota? Hapa kwetu aliyeshinda liki ni mtu. Aliyeshinda mara mbili, hata polisi humwamkia kwanza.

Keith mwaka huu hashindani, hana moyo. Nitamwandikisha mimi kimyakimya. Nimemwomba liki changa tatu za mtaroni mwake bustanini, nikamwambia ni za supu.

Mlango wa handaki uko nyuma ya banda letu la makaa, tangu enzi za vita watu walipokuwa wakiyakimbia mabomu. Ufunguo bado unaning'inia pale alipouacha marehemu mume wangu Alf. Nimeziweka liki kwenye ndoo chini ya shimo la hewa, panapoingia mwanga kidogo kama wa kanisani.

Natoka, Stobbs huyo hapo uani kwake. Akaniuliza, "Makaa mwezi wa nane, kiangazi hiki, kipenzi?" Nikamwambia nasikia baridi. Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Alhamisi, 13 Agosti

Zinapanda kwa kasi. Zinanyoosha shingo kuutafuta mwanga. Bidii ya namna hiyo sijaiona ila kwa Keith alipokuwa shule.

Nimechungulia nyua zote za mtaa huu. Hakuna ndefu kama zangu. Za Stobbs fupi, nene, kama mwenyewe. Anazinywesha bia nyeusi akidhani hatumwoni. Zangu nazipa chai ya jana na damu kutoka kwa muuza nyama. Keith ameuliza supu iko wapi. Nimemwambia mambo mazuri hayataki haraka.

Jumatano, 26 Agosti

Kuna mtu anaingia handakini. Nyayo kwenye tope, na nta ya mshumaa. Mlango wangu ulikuwa umefungwa, kwa hiyo kaingilia upande wa mtoni. Viatu vikubwa. Stobbs ana viatu vikubwa.

Msimu huu ndio wa wachanaji. Mwaka juzi mzee mmoja mtaa wa pili alizikuta liki zake zote zimepigwa wembe, akalia kuliko alivyomlilia mkewe. Tangu hapo wenye liki hulala mtaroni na mbwa.

Nimempelekea Stobbs keki ili niyasome macho yake. Kala vipande vinne. Mwenye hatia hula sana.

Ijumaa, 4 Septemba

Nyayo tena. Safari hii zimefika hadi kwenye ndoo. Liki hazijaguswa, ila pembeni nimeokota rula. Kumbe anapima! Wivu umefika huko.

Jioni Stobbs akanisimamisha kwenye ukuta wa uani. Akaanza, "Mavis, hebu tuseme kidogo habari ya urefu wa..." Nikamkata. Nikamwambia kama urefu unamuuma akamwone daktari. Akakuna kichwa akaingia ndani. Nimemweza.

Jumatatu, 7 Septemba

Asubuhi nimezunguka hadi upande wa mtoni na bakuli la mafuta yaliyobaki kwenye nyama ya jana. Nimezipaka ngazi zote za kushukia. Aje sasa na viatu vyake.

Mchana nikasikia kishindo, halafu matusi ambayo Stobbs hayajui. Alikuwa Diwani Liddle. Stobbs kamleta kukagua handaki bila kumwambia jirani yeyote. Ujanja huo. Diwani kateleza ngazi ya kwanza, akazimaliza zilizobaki kwa makalio. Mkono sasa uko kwenye bandeji.

Nikawapelekea chai kama mtu mwema. Diwani akasema mahali ambapo ngazi zinatoka jasho namna ile hapafai kilimo. Nani atabeba makapu ya uyoga pale? Labda watu wapite taratibu, pawe na taa na vyuma vya kushikia. Nikamwambia unyevu ule ni wa leo tu. Stobbs akapitisha kidole kwenye ngazi, akakinusa, akanitazama. Mtu wa siri mno.

Keith hakunywa chai yake. Alikaa akizitazama picha za Aberdeen.

Jumamosi, 19 Septemba

Lakini liki zilikuwa bado zipo, na mimi si wa kukata tamaa. Nimezibeba mbili bora hadi klabu ndani ya blanketi la Keith la utotoni. Nikaziweka mezani chini ya jina lake. Ukumbi mzima ukakaa kimya. Heshima, nikajua.

Mwamuzi akatoa kipimo chake. Akapima sehemu nyeupe, akapima tena. Akaeleza kwa sauti, kana kwamba sisi ni watoto, kuwa liki ya mashindano haya ile sehemu nyeupe haitakiwi kuzidi inchi sita. Zangu zilikuwa zimezidi mara mbili. Jamaa mmoja nyuma akauliza, "Hizo za kula au za kuanikia nguo?" Wakacheka mpaka bia zikamwagika. Diwani naye akicheka na bandeji yake.

Halafu mwamuzi akauliza liki hizi ni za nani hasa. Nikatazama sakafu. Keith akasimama, masikio mekundu, akasema, "Zangu." Akazibeba begani kama bunduki, akanishika mkono, tukatoka. Njiani hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Mama, ungeniuliza."

Zawadi kapewa Stobbs. Mwamuzi ni binamu wa mkewe. Sina ushahidi. Nitautafuta.

Jumapili, 20 Septemba

Supu ya liki. Keith kala bakuli tatu. Kasema kesho atawajibu Aberdeen kwamba anakuja. Nimeosha sufuria moja kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, 21 Septemba

Stobbs kabisha hodi kabla ya chai. Handaki wamepewa yeye na wenzake, la kutembeza watu. Kamwambia diwani kwamba hakubali mpaka taa ziwekwe na Keith, na Keith abaki kuzitunza. Mshahara wa manispaa, mlango nyuma ya banda letu. Keith kamshika mkono asiuachie. Barua ya Aberdeen imeingia motoni.

Mwanangu ataangaza mji mzima kutokea chini. Nimewaambia watu wote kwenye foleni ya mkate, na waliokuwa nje.

Lakini nauliza: mtu humtetea mtoto wa mwenzake bure? Stobbs anataka kitu. Nahisi ni shimo langu la hewa. Mwakani nitapanda mwezi wa tano, ziwe ndefu zaidi, wamwombe Keith radhi hadharani.

Jumatano, 30 Septemba

Keith kaanza kazi. Nimemfungia mkate na nyama ya nguruwe.

Nyayo kubwa tena handakini, zikienda moja kwa moja kwenye ndoo zangu. Nimezunguka upande wa mtoni na bakuli la mafuta.

Saa nne nimesikia kishindo. Halafu sauti ikaita "Mama!" kama ya Keith kabisa. Sikufungua mlango. Stobbs sasa anaiga na sauti za watu.