Presha Yangu na Mbavu za Kisaju

Jumanne, 10 Juni

Presha 168! Nesi akasema nimeze dawa, nipunguze chumvi na nyama, nile mboga na ndizi, nirudi Ijumaa. Mke wangu Syokau akaongeza sheria yake: kadi ikizidi 130, Jumamosi kule Kisaju kwa wakwe siguzi nyama. Jumamosi! Siku wakwe wanachinja mbuzi wanne kwa sababu ya binti yangu! Eti mbavu za baba wa bibi harusi apewe jirani yetu Muthama, ambaye hata binti hana! Nimekunywa lita mbili za juisi ya bitiruti.

Jumatano, 11 Juni

Mkojo mwekundu! Nikajua ndio mwisho. Nikaandika wosia, Muthama nikamwachia kandambili moja. Syokau akauliza kama nimesahau nilichokunywa jana. Nimechana wosia. Nimekula vitunguu saumu kumi, pamoja na vidonge vya mchuuzi wa steji ya matatu. Anaapa vinashusha presha ya ndovu.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi ya kwaya. Besi wote walihamia kwa soprano kwa sababu ya harufu yangu. Nikajipima duka la dawa: 171. Imepanda! Nikakaribia kulia. Halafu, wazo! Soja wetu wa geti, Saruni, ni mwembamba, anatembea kutwa, na nesi wa Ijumaa hanijui. Nikampa kadi yangu aende kupimwa kwa jina langu. Akauliza kama si dhambi. Nikamwambia ni ujirani mwema.

Ijumaa, 13 Juni

118! Nikampelekea Syokau kadi nikiimba. Akaisoma polepole. Akauliza nimepunguza aje kilo arobaini na nne tangu Jumanne. Kumbe walimpima Saruni uzito pia! Nikasema ni bitiruti. Akasema sawa. Sikuipenda hiyo sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Syokau alisimama mbele ya wakwe akatoa ushuhuda: mboga zimemponya mume wake, na ameapa kuachana na nyama. Vigelegele! Mkwe wangu mzee Parmuat, kwa heshima, akaniletea mwenyewe sinia ya sukuma wiki bila chumvi, ndizi sita na jagi la bitiruti. Ningekataa aje mbele ya wakwe? Muthama alikula mbavu zangu akinitazama. Mungu anamwona.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Ni uzito. Narudi kliniki tarehe 11 Julai. Saruni yuko na kilo 52, mimi 96. Leo nimemlisha chapati kumi na maharagwe, na anakula vizuri, asante Yesu. Chumvi tu ndiyo nimemkataza, isije ikampandisha presha.