Nilivyofika Dodoma Bila Kutoka Tabora

Shoga zangu, leo nimefedheheka. Ndiyo, ni mimi huyu, niko hapahapa Tabora, mtaani kwetu Kanyenye, na asubuhi mlinisindikiza niende Dar es Salaam kwa ndege. Kaeni niwaeleze mwenyewe, kabla mume wangu, Baba Zuhura, hajafika msikitini akaeleza yeye.

Mnajua mkwe wangu kanikatia tiketi nikamwone mjukuu. Mwanamke wa kwanza mtaa huu kupanda ndege! (Mnisamehe, nitalisema tena.) Sasa mimi sikutaka kwenda tu kama gunia la karanga. Nilitaka kuona. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, bega likabaki na kovu mpaka tunamzika. Njia aliyoikanyaga nilitaka niitazame kutoka juu, kwa macho yangu.

Basi jana nilikwenda kiwanjani, nikaizunguka ile ndege kama mtu anayenunua ng'ombe. Madirisha ya katikati yamezibwa na bawa. Nikaamua: kiti cha nyuma, dirishani, mkono wa kulia, maana ndiko iliko Goweko kwa wajomba zangu.

Leo nikawa wa kwanza kupanda ngazi. Mzungu mmoja akakaa katikati, akawa anatazama bati la bawa. Mimi nikakaa pangu! Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa nta kutoka Urambo, naye hajawahi kupanda ndege.

Tukapaa. Nikaiona! Njia nyembamba, nyeupe, inakata pori kwenda mashariki, haina mwisho. Yote hiyo babu aliikanyaga, na mzigo begani! Nikamwita babu kwa jina. Machozi yakanitoka, siwafichi.

Mara injini ikakohoa. Ndege ikalala upande. Nikafumba macho, nikasoma kila sura niliyofundishwa chuoni, nyingine mara mbili. Rubani akasema kitu kwa Kiingereza. (Kiingereza changu kinaishia kwenye "gudi moning".)

Nilipofumbua macho, chini naona reli, stesheni, mapaa ya mabati.

"Goweko!" nikapaza sauti. "Kwa wajomba zangu! Kumbe imekua hivi!"

Yule wa nta akainamia dirisha langu. "Kubwa kweli, mama."

"Na yule wa kanzu, anayepunga mkono, ni mjomba wangu." Nikampungia leso mpaka mkono ukauma.

Ndege ikaanza kushuka.

"Mbona tunashuka?" akauliza.

"Dodoma," nikamjibu, kama mtu anayekwenda huko kila Ijumaa. "Inatua kutia mafuta."

"Mara hii?"

"Baba, hii si gari moshi."

Akatikisa kichwa kwa kunistaajabia. Nami nikajistaajabia.

Tukatua. Nikajitanda kanga vizuri, nikashuka kichwa juu. Pale chini alisimama mzee mmoja wa kanzu, amenipa mgongo, anazungumza na askari wa kiwanja. Nikamwendea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hapa Dodoma maji ya kunywa yanapatikana wapi?"

Akageuka. Baba Zuhura!

"Marahaba," akasema. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. "Yamo mtungini, nyumbani kwako, palepale ulipoyaacha."

Askari akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Yule wa nta, maskini, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, huyu naye ni mjomba?"

Kumbe injini iliharibika, rubani akazunguka akaturudisha. Wanaitengeneza, kesho tunaondoka tena. Mwenzangu wa Urambo ameniomba nimtafutie na yeye kiti kizuri. Bado ananiamini!

Haya, chekeni. Lakini nani kati yenu amewahi kupotea akiwa angani?