Mnirudishe kwa Mtesi Wangu Kabla ya Arobaini

Sila Mazengo,
Chumba Na. 14,
Kambi ya Waomba Hifadhi.
29 Novemba 1996

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Wakimbizi,

YAH: KUONDOA OMBI LANGU LA HIFADHI, NA KULALAMIKIA WEMA WENU

Mheshimiwa, salamu nyingi, na pole na baridi, maana naona hata nyinyi wenyeji hamjaizoea.

Kwanza ujue kwamba unaandikiwa na mtu mwenye bahati. Pale Kizota, Dodoma, nina gereji. Tangu biashara ilipofunguliwa na pikapu za mtumba zikaanza kumiminika, kila gari linalokohoa huletwa kwangu. Nina mashine ya kuchomelea, nina mafundi wanne, nina kiti cha kuzunguka. Hifadhi yenu siihitaji tena. Naomba pasipoti yangu, niwe Dodoma kabla ya tarehe 12 Desemba. Siku hiyo ni arobaini ya mama yake Geofrey Kihwele, yaani yule mtu ambaye faili lenu linasema ataniua.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mliniamini. Nilikuja huku na kikundi cha ngoma, mimi nikiwa mpiga zeze. Siku ya kuondoka, wenzangu walipopanda basi, mimi nilikuwa chooni, kwa makusudi, saa mbili nzima. Kwenye foleni ya ofisi yako kila mtu alikuwa na vita yake. Mbele yangu mama aliyekimbia mabomu, nyuma yangu mzee aliyechomewa nyumba. Mimi natoka Dodoma, ambako kinachotukimbiza ni vumbi. Afisa wako, yule bibi wa miwani, akaniuliza nani ananitesa. Niliona aibu kukosa mtesi, mtu mzima kama mimi. Nikamtaja Geofrey.

2. Nilichosema kilikuwa kweli tupu, na mkalimani wenu, dada Joha wa Mombasa, hakukosea hata neno. Nilisema Geofrey ni Mhehe na mimi ni Mgogo. Kwamba alilala ndani ya kaburi la baba yangu akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Kwamba siku ya harusi yangu alinivua koti mbele ya mchungaji, akalivaa yeye na kukaa kando ya bibi harusi. Kwamba kila asubuhi huniita mtumwa wa babu yake. Sikusema tu kwamba huo ni utani wa makabila, kwamba Mhehe na Mgogo ndivyo tulivyo. Sikusema kwamba siku ile ya kaburi mama yangu, aliyekuwa hajala siku tatu, alicheka mpaka akaomba uji. Afisa wako alilia. Nami, Mungu anisamehe, nikalia naye kidogo.

3. Habari za msiba wa mama Kihwele ziliponifikia, nilikuja mwenyewe kuwaambia ukweli. Nilieleza utani kutwa nzima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo afisa alivyoandika. Akasema mtu anayemtetea mtesi wake ndiye aliyeteswa zaidi. Mkanipa daktari wa akili, na blanketi la pili.

4. Mkataka maelezo ya Geofrey mwenyewe. Hapa kosa ni langu, ningewakataza, kwa sababu Mhehe hawezi kuandika habari za Mgogo wake kwa adabu hata akishikiwa panga. Akatuma faksi: "Waheshimiwa Wazungu, huyo ni mali yetu, mnakaa naye kwa ruhusa ya nani? Kaburi lake nimeshalipima, ni fupi kama yeye. Mlisheni anenepe, mumrudishe kabla ya tarehe kumi na mbili. Mkichelewa nakuja kumchukua mwenyewe." Yote hayo mmeyapigia mstari mwekundu. Mstari wa mwisho mmeuacha: "Mama amekwenda. Nani atamwigiza?"

5. Mheshimiwa, huo mstari mliouacha ndio kesi yangu yote. Kwetu, siku ya arobaini mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kugomba kama yeye, mpaka wafiwa wacheke, na wakishacheka ndipo msiba unaisha. Mama Kihwele alikuwa na mguu mmoja mzito. Aliwaita kuku wake kwa majina ya wabunge. Alionja mboga ya kila jirani na kusema chumvi haijafika. Mguu ule mimi ndiye ninayejua kuutembea. Mazishi yamepita bila mimi, kaburi halikulaliwa na mtu, mama wa watu kazikwa kimya kimya kama mgeni. Nasikia Geofrey hajacheka tangu tarehe mbili.

6. Mmeandika kwenye faili langu: "Asirudishwe kwa hali yoyote." Humu kambini watu wanakesha wakiiombea sentensi hiyo. Basi mpeni yule mama wa mabomu. Na kitanda changu mpeni yeye, kiko karibu na hita.

Kwa hayo machache naomba nirudishwe kwa mtesi wangu, hata kwa pingu, mradi nifike kabla ya tarehe 12. Nisalimie bibi wa miwani, mwambie machozi yake hayakupotea, nitayahesabu kwenye rambirambi. Salamu kwa dada Joha, kwa daktari, na kwa mpishi wenu ambaye chumvi yake, kama angesema marehemu, haijafika.

Ni mimi niliyeonewa huruma kupita kiasi,
Sila Mazengo

N.B. Daktari wa akili amenishauri niseme kweli mpaka mwisho. Ile gereji ni ya Geofrey. Mashine ni yake, mafundi ni wake, kiti cha kuzunguka anakikalia yeye. Mimi naziba pancha za baiskeli barazani kwake, na hata zeze nililokuja nalo huku alininunulia yeye. Gereji sina, Mheshimiwa, wala sijawahi kuwa nayo.