Fuvu Lenye Namba ya Serikali

Wananchi wote wa Mpanda, wenye masikio mawili na wenye moja, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Kamati ya Uhakiki wa Sikio Moja imepata mafanikio makubwa: amepatikana kiziwi nusu mwenye sifa kamili.

Ndiye Bibi Rozalia, muuza dagaa wa Ikola, miaka sitini na tisa, sikio la kushoto limekufa tangu zamani. Kamati ilimpima mara kumi na moja. Akisikia, waliandika hana shida. Asiposikia, hatoi ushirikiano. Alivumilia yote kwa ajili ya mkwewe Nyanzala, binti wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka. Kila asubuhi Nyanzala alipiga magoti kumwamkia, na akiwa upande wa kushoto, Rozalia alipita zake na karai, mkwe akabaki chini. Nyanzala alijua habari ya sikio, lakini magoti yake hayakujua. Mwishowe aliacha kuamkia, akawa anapita kimya. Hilo lilimuuma Rozalia kuliko uziwi wenyewe.

Madaktari wageni walimpandikiza skrubu ndogo kwenye mfupa, nyuma ya sikio bovu. Hapo hubanwa kifaa chenye ukubwa wa kifungo cha koti; kinadaka sauti za kushoto na kuzipitisha kwenye mfupa mpaka sikio zima la kulia. Sasa, skrubu ni mali ya umma, na mali ya umma haiwezi kukaa hivi hivi. Katibu wa Kamati, Gideon, akaliandika fuvu la Rozalia kwa namba kwenye daftari la vifaa, kati ya kabati na mashine ya kudurufu. Rozalia akitaka kwenda Ikola kuchukua dagaa, sharti aombe kibali cha kuhamisha mali.

"Na mwili je?" aliuliza.

"Mwili uko huru, mama," Gideon alisema kwa upole. "Sisi tunashughulika na fuvu tu."

Siku ya uzinduzi wa kifaa turubai lilifungwa, akaja mgeni rasmi, Mama Theopista kutoka mkoani. Rozalia alikalishwa mbele ya kipaza sauti, kifaa kikabanwa.

"Rudia neno kwa neno kila utakachosikia," Gideon alimwagiza. "Usiongeze, usipunguze."

Mwenyekiti wa Kamati, Ponsian, alikaa kushoto kwa Rozalia. Ripoti ya daktari alikuwa ameisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba sikio la kushoto halitapona, akaifunga kabla ya kufika kwenye habari ya kifaa, ameridhika. Kwa hiyo alimwinamia Gideon na kumnong'oneza bila wasiwasi.

"Akishapigwa picha, kivue," Rozalia alitangaza kwa utii.

Watu wakatazamana.

"Kifungie kabatini kwangu. Wageni wakija tutamvisha tena. Dagaa hawaongei, sokoni ataenda kusikiliza nini?"

Ponsian aliruka kitini, akamvuta Gideon shati.

"Amesikiaje huyu? Gideon, si mlisema kushoto hamna kitu nyie?" Rozalia aliendelea. "Mungu wangu, mwambie anyamaze."

Turubai zima liliangua kicheko. Mama Theopista hakucheka. Alinyoosha mkono, akadai ufunguo wa kabati, kisha akamgeukia Rozalia.

"Kifaa ni chako, mama. Nenda nacho nyumbani."

Hapo Nyanzala alijipenyeza kati ya viti, akapiga magoti, upande uleule wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

Rozalia aligeuka, machozi yakimlengalenga. "Marahaba, mwanangu. Inuka. Nimekutesa magoti."

Gideon aliinua kalamu. Kwa masikitiko makubwa, alisema, zoezi limebatilika: mhakikiwa ameambiwa shikamoo, na badala ya kurudia neno kwa neno, amejibu.

"Basi turudie na wewe," Mama Theopista alisema, akimsogezea kipaza sauti. "Mwenyekiti alikunong'oneza nini?"

Gideon, mwenye masikio mawili mazima, alisema hakusikia kitu.