Ukuta Mmoja Tu

Jumatatu, 4 Agosti

Anakuja! Mama mkwe anakuja Jumamosi, na safari hii hapiti kusalimia tu. Analala. Wiki nzima. Hapa Chamazi, kwangu, si Kawe kwa Gaudens.

Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kulala hapa. Sababu aliitaja siku ya kwanza na hajaibadilisha: hawezi kulala nyumba ambayo kati yake na kitanda cha mkwe wake kuna pazia. Kwake yeye kitanda cha mkwe hakitazamwi, hata kwa mbali, hata kikiwa bado kwa fundi. Nasi tulihamia nyumba haijaisha, na chumba chetu kilikuwa na pazia. Mwaka jana ndipo nikapandisha ukuta mpaka juu na kuweka mlango wa mbao. Tupokigwe, mke wangu, akampigia mama yake simu Tukuyu kumpa habari za ukuta, huku analia. Mtu mzima kulilia matofali! Ila nami nililia kidogo.

Chumba cha binti yetu Felicitas, aliyeko bweni, kimeshaandaliwa. Tupokigwe kafua neti mara mbili, kisha kaenda semina ya walimu Morogoro. Anarudi Alhamisi. Kaniachia agizo moja: nisiguse kitu.

Tatizo ni sebule. Ndogo. Watu wanne wakikaa, wa tano anaongea akiwa mlangoni. Gaudens ni mwanyumba wangu, kaoa dada mtu, Vaileth, na sebule yake ina dari la jipsam lenye taa za kujificha. Ukikohoa mle ndani, sebule inakuitikia. Mama akitoka kule akaingia hapa ataona nini? Magoti yangu.

Nimeona video kwenye simu. Jamaa anausukuma ukuta wa chumbani hatua mbili nyuma, sebule inakuwa ukumbi. Dakika nne na muziki juu. Nimemwita Salumu fundi. Ukuta mmoja tu.

Jumanne, 5 Agosti

Umeshuka! Kufikia saa sita mchana ukuta ulikuwa kifusi. Nilipiga nyundo ya kwanza mwenyewe, ikanirudi begani, nikamwachia Salumu.

Ukubwa! Nimetembea kutoka kochi hadi dirisha la chumbani bila kugeuka. Nilihesabu hatua tisa. Nikarudi. Tisa tena.

Salumu akauliza, na kitanda je, bosi? Nikamwambia kesho anajenga ukuta mpya nyuma kidogo, kitanda kitabaki nyuma yake. Akapima kwa kamba. Akasema ukuta ukikaa nilipotaka, utapita juu ya mto wangu. Nikamwambia huo ni utaalamu wa kesho.

Nimerusha picha kwenye kundi la ukoo. Nimeikata vizuri, kitanda hakionekani, mguu mmoja tu pembeni. Vaileth kaweka makofi. Gaudens hakuweka kitu. Kanipigia simu, kwa sauti ya chini, kuniuliza ukuta wa chumbani uko wapi. Wivu umemfikisha hapo, mtu anaulizia kuta za watu.

Jumatano, 6 Agosti

Salumu hajaja. Kafiwa na mjomba Mkuranga. Siku tatu, anasema, akirudi ataanza nasi. Nimempa pole. Kisha nimempigia mara kumi na nane kumpa pole zaidi. Kazima simu.

Mafundi wengine wawili wamekuja, wakautazama mstari wa ukuta, wakaniuliza aliyeuvunja ni nani, wakaondoka. Kazi ya fundi mwingine hawaigusi.

Basi kitanda kitoke! Hapo ndipo nimekumbuka. Kitanda hiki ni cha mninga, sita kwa sita, kazi ya mchongaji wa Mwenge. Kiliingia kabla fremu za milango hazijawekwa. Kimegundishwa na kupigwa misumari ya inchi nne. Mchongaji alisema hakifunguki, kama ndoa yenyewe. Ubao wa kichwani una ndege wawili na maandishi: REVELIAN NA TUPOKIGWE MPAKA KIFO. Tulikibeba mimi na Gaudens, akalalamika mgongo mwezi mzima.

Nimemwita jirani, Mwajabu, na kaka zake wawili. Tumekisimamisha ubavu. Kimefika mlango mkubwa na kukwama. Kwa saa nzima hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka, na kaka mmoja alikuwa upande usio na choo. Tumekirudisha. Mwajabu kasema mie mtu wa bara nina makuu, mkwe anakuja mtu anaanika kitanda sebuleni kama mbaazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tupokigwe karudi. Kaingia na begi mkononi, kasimama pale ukuta ulipokuwa. Nikamweleza hatua tisa. Nikazitembea mbele yake.

Akaketi juu ya kitanda, katikati ya sebule, akasema maneno machache tu: miaka kumi na moja, Revelian. Amesubiri miaka kumi na moja mama yake aamke ndani ya nyumba yake, wanywe chai wakiwa na khanga za kulalia. Akasema nisipomrudishia ukuta kufikia Jumamosi, mama atageuzia mlangoni, ataenda Kawe, na hatarudi tena.

Imeniuma. Nimeumia kweli, si mchezo. Nikapendekeza pazia. Akanitazama. Nikaondoa pendekezo.

Halafu, saa kumi jioni, nikiwa naosha uso, likanijia! Mama hataki kuona kitanda. Hakusema hataki kuona meza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wako kwenye maonyesho, mimi natengeneza meza ya kulia chakula.

Godoro limeenda kwa Mwajabu. Kasema godoro ataliweka, lakini maneno hatayaweka. Chaga nimezifunika kwa plaiwudi, na miguu nimeiinua kwa matofali, matatu matatu. Mguu wa nne nimeuwekea mawili, yaliisha. Juu nimetandika kitambaa cheupe cha Tupokigwe cha Krismasi. Viti vya plastiki kuizunguka. Ubao wa kichwani nimeuvika khanga na kuibana kwa vibanio vya nguo.

Meza! Meza ya watu kumi na wawili! Gaudens ana ya watu sita.

Nimemwonyesha Tupokigwe. Akasema Mungu anatuona. Nikamwambia Mungu si mkwe wangu. Hakucheka, lakini akaenda kutafuta sahani kubwa, maana hana njia nyingine. Nimemwahidi kwamba Jumatatu Salumu akirudi ukuta utasimama mama akiwa sokoni. Usiku mama atalala chumba cha Felicitas, mlango umefungwa, na sisi tutalala juu ya meza bila godoro. Kila kitu kimepangwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka.

Wamefika saa saba. Gaudens ndiye kampokea mama stendi kwa gari lake. Mama kashuka na ndizi na parachichi za Tukuyu, mwembamba, wima, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Nikampa shikamoo kwa mbali, nimeinama, macho chini. Akaitikia, akaingia, akatazama. Akasema, hee, ukumbi. Akasema sijawahi kuona meza ya mbao nzito namna hii, mkwe wangu umefanya kazi. Tupokigwe alikuwa ameshika sinia, nikaona anatabasamu. Huo ndio wakati nilipaswa kufa.

Tukakaa. Gaudens akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele ya ubao wenye khanga na kuuegemea. Kiti cha heshima! Hakuulizwa!

Chakula kilikuwa tele lakini meza pana. Bakuli la wali lilikuwa katikati na hakuna mkono uliofika. Tukalivuta kwa mwiko wa ugali. Bakuli la mchuzi lilikuwa linatelemka lenyewe kwenda kwenye mguu wa matofali mawili, alikokaa Vaileth, kila baada ya muda analirudisha bakuli juu. Mama hakulalamika. Kala, kaongeza, kaongeza tena.

Lakini Gaudens! Tuliposimama kusali, yeye kaomba ameketi, mgongo umebandikwa kwenye ubao. Alipoombwa apitishe maji, akasema mkono haufiki. Vibanio viwili vya nguo vilianguka nyuma yake, akazidi kujibana na kujipanua mabega kama ndiye mwenye nyumba. Jasho linamtoka, hanyanyuki. Nikamwambia kwa adabu, mwanyumba, hapo ni mahali pa mama. Akatikisa kichwa. Nikarudia kwa sauti, ili mama asikie nani anamheshimu. Akanikonyeza. Nikamwendea. Akanikanyaga mguu! Mbele ya wakwe! Nikamshika mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

Akanyanyuka. Khanga ikanyanyuka naye.

Mama alisoma kwa sauti, polepole, kama anafundisha darasa la kwanza: Revelian. Na. Tupokigwe. Mpaka kifo. Akatazama ndege. Akainua kitambaa kidogo, akaona chaga. Akaweka kijiko chini.

Akaniuliza, baba, nimekula wapi?

Mama akatoka nje na kiti cha plastiki, akakaa chini ya tangi la maji, kaipa nyumba mgongo. Tupokigwe akaingia chumba cha Felicitas akalia hadi nikamsikia nikiwa uani. Ningempa kila kitu nilicho nacho ili anyamaze. Sikuwa na kitu.

Gaudens akanifuata, akaniuliza taratibu kama sikuelewa alikuwa anafanya nini pale kwenye ubao. Nimeelewa vizuri sana. Alikuwa anajidai.

Jumapili, 10 Agosti

Mama hakwenda Kawe! Jana alilala kwa Mwajabu, juu ya godoro nene sana ambalo amelisifu. Mwajabu ananitazama. Mimi na Tupokigwe hatutasema kamwe mpaka tunaingia kaburini.

Asubuhi mama alirudi chini ya tangi, akatoa hukumu. Kwanza, faini: jogoo na doti ya khanga. Pili, mtu aliyekula juu ya kitanda cha mkwe hawezi kusafiri kwenda kwingine na aibu hiyo, lazima aifukie palepale. Ukuta usimame, yeye akiuona, ndipo aingie. Akaomba namba ya Salumu.

Akampigia mara moja. Mara moja! Akampa pole ya mjomba, akauliza jina la marehemu na alikuwa mtu wa namna gani, wakaongea kama watu waliozaliwa kijiji kimoja. Mchana Salumu alikuwa hapa na saruji. Gaudens akaleta matofali kwa gari, akavua koti la kanisani, akakoroga saruji na mchanga akiwa na viatu vyake vyeusi. Kujipendekeza kwa mama hakuna mwisho.

Mama akaagiza akiwa nje ya dirisha, mgongo kwa nyumba: ukuta uwe palepale ulipokuwa mwanzo, si hatua mbele wala nyuma. Na mlango usiwekwe kwanza, hata nafasi yake izibwe kwa matofali. Hataki kukaa mahali ambapo mkwe wake anafungua na kufunga mlango wa kitanda kile mbele ya macho yake. Mlango utawekwa akishaondoka. Nikaitikia haraka, ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi nilikuwa upande wa chumbani, nimeshika pimamaji, nasimamia ubora.

Kwenye mistari mitatu ya mwisho Salumu akaniuliza kama sitatoka. Nikamwambia aendelee, kazi haisimamishwi kwa maneno.

Akaendelea.

Jumatatu, 11 Agosti

Grili la dirisha limekatwa saa tano asubuhi. Nimetokea dirishani, miguu kwanza. Mwajabu kapiga kelele za mwizi, wametokea vijana wanane. Wawili walinijua.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama ameongeza siku. Alisema wiki moja, sasa anasema mpaka Krismasi, maana hewa ya Chamazi inamfaa magoti. Tupokigwe amehamia naye chumba cha Felicitas. Alfajiri nikiwa upande wangu wa ukuta nawasikia wanakunywa chai na kucheka. Tupokigwe anacheka kicheko ambacho sikukijua, cha msichana. Nimeweka sikio kwenye plasta mbichi, nimekaa hivyo hadi chai yao ikaisha. Sikio limebaki na saruji.

Chai yangu Tupokigwe ananiletea dirishani. Leo amenipa kikombe, hakuondoa mkono. Akasema ahsante kwa ukuta, Revelian. Kwa hiyo nimefanikiwa! Nilitaka mama alale kwangu na amelala kwangu. Gaudens anaweza kubaki na jipsam yake.

Hata hivyo, nimekuwa nafikiri. Mtu wa kuingia chumbani kwake kwa kupanda ndoo hawezi kuheshimika mpaka Krismasi. Lakini chumba chenye mlango wake wa nje, kibaraza, nguzo mbili zilizochongwa Mwenge? Gaudens hana. Kawe nzima sidhani kama wanacho. Na ukishavunja ukuta wa nje, kitanda nacho kinapata pa kutokea.

Tupokigwe anaenda sokoni na mama kesho, watachelewa kurudi. Nimempigia Salumu, kaja kupima kwa kamba. Kautazama ukuta, kautazama mbao za paa zilizoukalia, akaniuliza kama najua ni nini kinashikilia bati.

Nimemwambia aje na nyundo kubwa. Ukuta mmoja tu.