Mayai Nyuma ya Dishi

Jumatatu, 3 Juni
Dishi letu ni kubwa kuliko nyumba ya mjomba na lina akili kidogo kuliko mbuzi wake. Kutwa kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayefagia uwanja. Eti linasikiliza mawimbi ya redio kutoka kwenye nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko juu mbinguni. Kila likifagia, mstari mmoja kwenye skrini. Mistari ikitimia, ndiyo ramani. Watu wamesoma mpaka nywele zikaisha ili wachore vumbi! Kwetu vumbi hupanguswa.

Profesa, mkuu wetu hapa, katangaza: ramani iishe Ijumaa. Jumamosi dishi linakwenda kwa wengine, na yeye, mama wa watu, kaisubiri zamu hii miaka. Ikiisha, mmoja wetu atapewa kiti cha mwendesha dishi, mimi au Kamusi. Kamusi ni kijana mwenzangu anayemeza vitabu usiku na kuvicheua asubuhi. Kiti ni changu. Hata makalio yangu yanajua.

Siri: leo kwenye stoo ya mifagio nimeficha mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya mama mdogo, ambayo kuku wake keshayaatamia na zimebaki siku chache tu, umeme wa Profesa, akili yangu. Kidude cha joto kinajiwasha na kujizima chenyewe, tik, tik. Wiki hii hii naitwa tajiri.

Jumanne, 4 Juni
Ramani imeota michirizi kama pundamilia. Profesa kafoka: nani ana simu? Hapa simu marufuku, redio marufuku, hata pikipiki huachwa getini, maana sauti ya lile wingu ni hafifu mno na cheche yoyote ya umeme huimeza. Nikamtuliza. Nikamwambia hizo ni mbavu za nebula. Akanitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai.

Kamusi kasema ni kitu cha umeme kilicho karibu, kinachowaka na kuzima. Ushambenga tu! Umeme wa mashine yangu hauendi mbinguni, unaishia kwenye mayai.

Jumatano, 5 Juni
Nimemnong'oneza Profesa kwamba Kamusi ana mashine ya kunyolea ndevu. Akapekuliwa mbele yangu, raha iliyoje! Wakakuta kalamu na kitana. Ndevu zenyewe hana. Hilo sikulifikiria.

Mchana mjomba, fundi umeme aliyeniombea kazi hii, akashika kijiantena cha kunusa cheche. Kikalia krrr kuelekea stoo. Nikamwambia mjomba, huko kuna mifagio, tangu lini mfagio ukapiga kelele? Nikampeleka hadi uzio wa mwisho. Tukapekua majani mpaka kiatu chake kikaachia soli. Akasema, "Wewe mwana wa dada yangu, ikiwa ni wewe, nitakukana mbele ya watu." Mjomba anapenda utani.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho wanakagua stoo. Wakati wa chakula nikahamisha mashine mpaka juu kabisa, kwenye kijumba kilichoshikana na mgongo wa dishi. Soketi ipo. Nani atatafuta mayai juu ya dishi? Akili ni nywele, na zangu ni msitu.

Jioni skrini nzima nyeupe pe. Profesa kaketi sakafuni, viatu kavua. Nikamhurumia. Nikamwambia angalau michirizi imeondoka.

Ijumaa, 7 Juni
Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kumbe dishi huinama! Kushoto na kulia nilikuzoea, ila wingu lilipoteremka upeoni dishi nalo likalifuata, chini, chini, mpaka mlango wa kijumba ukafunguka. Mashine ikashuka. Mayai yakashuka. La kwanza lilipasukia kwenye kipara cha mjomba. Kifaranga aliyeanguliwa asubuhi akatua kwenye mtandio wa Profesa na kumwita mama.

Kamusi akapiga kelele kutoka ndani: skrini safi! Wakakimbia, wakafagia mbingu upya mpaka muda ukawaishia. Wamepata yote ila kona moja.

Mjomba kanikana mbele ya watu, ute ukimtiririka shingoni. Utani mwingine unapitiliza.

Jumapili, 9 Juni
Kiti kapewa Kamusi. Mimi fyekeo, na nyasi za uwanja mzima, kwa mkono, maana mashine ya kukatia nayo marufuku. Ramani imetundikwa ukutani, nzuri ajabu, kona moja tupu. Nilimkuta Profesa ameigusa kona ile kwa kidole, kama mtu anayepapasa pengo la jino. Bila mashine yangu kuanguka wangepata nini? Asante ya punda mateke!

Lakini mimi si wa kulia. Kosa nimelijua: waya. Waya ndio ulionichongea. Nimepata mashine nyingine, ya betri, haina waya hata mmoja. Mama mdogo kagoma kutoa mayai, basi nimeyachukua bila kumsumbua. Safari hii nimeiweka mahali pa heshima, chini ya kiti cha Kamusi.

Tik, tik. Husikii kitu.